Waliorudishwa na Mahakama

Siku ya ukaguzi ilipofika, Fuatino alifanya kama wanawake wengine wote wa kijiji cha Vaiolepa. Alisugua choo, akang'oa magugu yaliyojitokeza kwenye kokoto mbele ya nyumba, akatandika mashuka meupe, akapanga mito kwa ukubwa wake, kisha akakaa ukingoni mwa nyumba, miguu ameikunja, akiwangoja kina mama wa kamati ya usafi. Nao walikuja, maana hawakosi. Walikuja na sare zao, mwenyekiti mbele, wakaingia kwa jirani wa kwanza na kumsema kwa sababu ya chandarua kilichotoboka. Wakatoka. Wakapita mbele ya nyumba ya Fuatino kama mtu apitavyo mbele ya kichaka, wakaingia kwa jirani wa pili. Fuatino akainuka, akakunja mashuka. Mwezi uliofuata akayatandika tena.

Huu ulikuwa mwaka wa sita anatandika mashuka ya kukaguliwa na upepo.

"Wameshapita?" Asomua, mumewe, aliuliza kutoka kwenye godoro lake.

"Wamepita."

"Waache wapite. Tulishinda kesi, Fuatino."

"Ndiyo, tulishinda."

"Mbona unasema kama mtu aliyefiwa?"

"Nimechoka tu, mzee wangu."

Chanzo cha kesi kilikuwa mchanga. Asomua alitaka kujenga nyumba ya saruji kwa fedha za mtoto wao aliyeko Auckland, akaona hakuna maana ya kununua mchanga wakati umejaa mbele ya nyumba yake. Lakini baraza la machifu lilikuwa limeshapiga marufuku kuchota mchanga ule, kwa sababu bahari ilikuwa inaula ufuko mwaka hadi mwaka, na chini ya ufuko wamelala babu zao. Asomua mwenyewe ni chifu, na alikuwepo siku marufuku ilipopitishwa, ameketi kwenye nguzo yake, maana barazani kila chifu ana nguzo yake ya kuegemea, amenyamaza. Akaenda mjini, akapata kibali cha serikali chenye muhuri, akarudi na lori. Baraza likamwita na kumtoza faini ya nguruwe na makasha ya samaki wa kopo, faini ambayo angeilipa huku anapiga miayo. Badala yake akasimama, na barazani hasimami mtu, akasema maneno ambayo Vaiolepa haijayasahau mpaka leo: "Mimi nimeruhusiwa na wakubwa zenu."

Angesema lingine lolote. Angewatukana, wangemwongezea nguruwe mmoja, yakaisha. Lakini kumwambia chifu, ameketi kwenye nguzo aliyoketi baba yake na baba wa baba yake, kwamba ana mkubwa wake mjini, mwenye meza na feni! Kabla jua halijazama Asomua, mkewe na vitu vyao walikuwa nje ya kijiji. Waliishi nyuma ya nyumba ya dada yake Fuatino huko mjini Apia, wakigombea kamba ya kuanikia nguo na wapangaji wengine, mpaka mahakama iliposema kwamba kijiji kilipita mipaka, Asomua arudi kwake, na mtu yeyote asimbughudhi.

Basi wakarudishwa. Gari la polisi lilifika na askari wawili, magodoro yamefungwa juu. Hakuna aliyerusha jiwe, hakuna aliyezomea. Askari wakashusha magodoro, wakanywa madafu aliyowakatia Fuatino, wakamtakia mama maisha mema, wakaondoka zao. Tangu siku hiyo hakuna aliyembughudhi Asomua, wala aliyemsalimu.

Vaiolepa iliitii amri ile kwa namna ambayo jaji hakuwahi kuiota. Amri haikusema watu waongee nao, basi hawakuongea. Pale kijijini mtu akipita wakati wa chakula, kila nyumba humwita: njoo ule, njoo ukae kidogo! Nyumba zenyewe hazina kuta, utajificha wapi na sufuria yako? Fuatino alipopita, watu waliinamisha vichwa kwenye mabakuli mpaka apite. Hawakuwa na chuki. Wengine walionekana kabisa kuwa wanaona haya. Walikuwa wamekatazwa na wakubwa wao, nao ni watu wa kutii, ndiyo maana kijiji chao ni kisafi kiasi kile.

Fuatino hakuwa wa pale. Kwao ni upande wa pili wa kisiwa, na huko yeye ni binti wa chifu ambaye kaka zake hawakumruhusu kubeba hata ndoo ya maji. Lakini mwanamke akiolewa akaenda kwa mume, heshima huiacha kwao. Huko aendako ni mtu wa jikoni: hupika, huosha, hula mwisho. Alilijua hilo tangu mwanzo na hakulalamika. Alipika kwenye misiba na harusi za Vaiolepa mpaka kucha zikabadilika rangi kwa moshi, na alipenda, maana jikoni kuna vicheko na kuna umbea. Sasa hata jikoni hawakumtaka. Misiba ilipita, harusi zikapita, yeye akisikia vicheko kwa mbali tu.

Aliyemuuma zaidi ni Naoupu, dada mkubwa wa Asomua. Wifi huyu alikuwa mnene, mwenye sauti nzito, kiongozi wa mabinti wa kijiji, yaani wanawake waliozaliwa pale, na kwa mila za pale neno la dada ni zito kwa kaka kuliko neno la mama. Zamani hawa wawili walitaniana mpaka watu wanakuja kusikiliza. Sasa Naoupu aliketi benchi la mbele kanisani, na Fuatino alikuwa anaijua shingo yake kuliko uso wake.

Kisha kisukari kikauchukua mguu mmoja wa Asomua. Hospitali walitaka kuukata na wa pili, akakataa, akarudishwa nyumbani, na muuguzi akamvuta Fuatino pembeni akamwambia asitarajie siku nyingi. Asomua akawa anaketi siku nzima ameegemea nguzo, anatazama bahari. Nyumba ya saruji ilikuwa imeishia kwenye msingi. Magimbi yalikuwa yameota katikati yake. Kila akitembelewa na mjusi alimwambia kwamba alishinda kesi.

Mchana mmoja Fuatino alikuwa anatoka kisimani na beseni la nguo. Alipokaribia nyumba alisikia sauti ya mtu anaita, taratibu, kwa ule mvuto wa mwitaji wa kava. Pale machifu wakinywa kava, kinywaji cha mizizi cha barazani, hawaitwi kwa majina yao. Kila mmoja ana jina la kikombe chake, alilolirithi pamoja na cheo, na mwitaji hulitamka kwa sauti ya kuvuta ili kijiji kizima kijue nani anakunywa. Jina la kikombe cha Asomua lilikuwa halijatamkwa tangu siku ya lori.

"Maji yaliyovuka mawimbi!" sauti iliita. "Maji yaliyovuka mawimbi, yanakwenda kwake!"

Fuatino alichungulia nyuma ya nguzo. Asomua alikuwa peke yake. Alikuwa amenyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, kama mtu anayepokea kikombe. Akakaa hivyo. Kisha akaishusha mikono kwenye paja lake moja, akafuta mdomo uliokuwa mkavu.

Fuatino alimhurumia mpaka akamkasirikia. Alitamani kumpiga na nguo zilizoloa. Mtu mzima, mwenye wajukuu, amejifungia kwenye haki yake mpaka anajiita mwenyewe!

Jioni hiyo, akimpaka mafuta mguuni, alimwambia, "Nataka kwenda kwa Tapuala."

Tapuala ndiye mkuu wa baraza, mzee mwembamba anayependa utaratibu kuliko chakula.

"Kufanya nini?"

"Kuomba radhi."

"Radhi ya nini? Mahakama yenyewe imesema sina kosa."

"Mahakama haikai hapa, Asomua."

"Niliwaambia ukweli."

"Sijasema uliwaambia uongo."

"Basi ukienda, usirudi humu ndani."

"Na ukifa?" Fuatino alisema, na mwenyewe akashangaa jinsi lilivyomtoka. "Nani atakuchimbia kaburi? Jaji? Atakuja na koleo lake?"

Asomua akageuza uso kuelekea baharini. Hakusema nenda, hakusema usiende. Fuatino aliendelea kupaka mafuta, na mguu ule ulikuwa mwepesi mno mkononi.

Alfajiri iliyofuata alifungua sanduku na kutoa mkeka. Ule haukuwa mkeka wa kulalia. Mama yake aliusuka kwa nyuzi nyembamba za mkadi mpaka macho yakamwisha, ukawa laini kama kitambaa, na manyoya mekundu ukingoni. Fuatino alikuwa ameuweka wa kuzikiwa yeye. Akauweka begani, akafunga mzigo mdogo wa kuni, juu yake jiwe la tanuri na majani ya mgomba, maana anayekwenda kuomba radhi hupeleka vyote vya kumpikia: nimekuja, mkitaka nichomeni, mkitaka nisameheni. Alipofika mbele ya nyumba ya Tapuala, aliweka kuni chini, akapiga magoti kwenye kokoto, akajifunika mkeka kuanzia kichwani.

Watu wa pale huiita ifoga. Kwa kawaida huja ukoo mzima: chifu mbele, chini ya mkeka, na kaka, wajomba, binamu nyuma yake, mstari mrefu; mkeka ukiinuliwa, wamesamehewa. Fuatino alikuja peke yake, tena mke wa kuja. Hapo ndipo alipokosea, na hakuna mtu wa pale ambaye angeshindwa kuliona kosa hilo, yeye mwenyewe akiwemo. Ila alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka huamini kwamba wenzake nao wamechoka kiasi hicho hicho.

Alisikia kijiji kinaamka. Mtoto aliuliza kitu akazabwa kofi. Machifu wakaanza kuja mmoja mmoja, wakaketi kwenye nguzo zao, na kwa kuwa nyumba haina kuta, alisikia kila neno.

"Ni nani huyo?" Tapuala aliuliza, ingawa alijua.

"Mke wa Asomua."

"Asomua yuko wapi?"

"Hana mguu, mheshimiwa."

"Na ndugu zake?"

"Hawapo, mheshimiwa."

"Basi mimi namwona mama amekaa na mkeka," alisema Tapuala. "Siwaoni waliotukosea. Mke si damu. Leo tukiuinua mkeka huu, kesho ukoo utasema: sisi hatukuomba, aliyeomba ni mgeni wetu. Yataanza upya."

Wakaanza kubishana. Mmoja akakumbusha kisa cha enzi za Wajerumani. Mwingine akasema hapana, kile kilihusu shemeji. Watu husema mji umejaa mawakili. Hawajawahi kusikiliza baraza la Vaiolepa likitafuta njia ya kutofanya kitu. Jua likapanda. Chini ya mkeka jasho lilimtiririka Fuatino mpaka kwenye kidevu, na kokoto zikamwingia magotini. Upande wa jikoni kina mama walikuwa wameacha vyungu.

"Masikini, atazimia."

"Lakini mkeka ni mzuri."

"Mzuri hasa. Utazame ule ukingo. Siku hizi nani anasuka vile?"

"Binti yako."

"Binti yangu anasuka simu."

Fuatino alikaribia kucheka, kisha akataka kulia. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka anakaa karibu na umbea, na hakuweza kuuchangia.

Ndipo gari likasimama barabarani. Alisikia mlango, kisha viatu vizito juu ya kokoto. Barazani maneno yakakatika.

"Mama," sauti ya mwanamume ilisema, imeinama karibu na sikio lake. "Mama, ni mimi, Sajini Pauga. Nani amekuweka juani?"

Alimfahamu. Ndiye aliyewashushia magodoro.

"Nimejiweka mwenyewe, Sajini."

"Kuna amri ya mahakama kwenu. Wamekutisha? Wamesema watawafukuza tena?"

"Hapana."

"Usiogope. Sema neno moja tu, hawa wote nawapakia nawapeleka mjini wakajieleze."

Fuatino alijua kila chifu pale ndani ameganda kwenye nguzo yake. Neno moja, na angetoka chini ya mkeka, angesindikizwa nyumbani kwa gari, na haki ingekuwa yake tena, nzima kabisa. Na Asomua angekufa amenyoosha mikono.

"Sajini, yale madafu uliyokunywa kwangu, yalikuwa matamu?"

"Matamu, mama."

"Basi nifanyie hisani. Panda gari lako uende."

"Ukianguka hapa nitaulizwa mimi."

"Sema mama alikuwa anasali."

"Mama, hii si sawa. Sheria iko upande wako."

Fuatino akainua sauti. Hakukusudia iwe kubwa kiasi kile, lakini ilitoka.

"Najua iko upande wangu! Imenilinda vizuri, baba, sina la kuilaumu. Miaka yote hii hakuna aliyenigusa. Hakuna aliyenigusa hata kwa mkono wa salamu! Nakushukuru. Sasa nakuomba uende, unaniharibia."

Sajini alibaki amechuchumaa kidogo. Naye alikuwa mtu wa kisiwa, ana mjomba wake kwenye baraza la kijiji kingine, na alijua alichokuwa anakiangalia. Viatu vikarudi barabarani. Gari likawashwa, likaondoka polepole, likazimwa tena mahali fulani karibu na kanisa.



"Amemfukuza polisi," mtu alisema ndani ya nyumba.

"Nimesikia," alisema Tapuala. Sauti yake ilikuwa imelegea, lakini yule mzee alikuwa yule yule. "Hata hivyo, si damu."

Fuatino aliposikia hivyo aliweka paji la uso kwenye kokoto. Aliwaza kwamba atakaa hapo tu, si kwa kuomba, ila kwa sababu kusimama kunahitaji miguu.

Kisha akasikia ndala. Zilikuwa zinakuja kwa haraka, pa, pa, pa, kutoka upande wa nyumba za juu. Ukingo wa mkeka ukainuliwa, mwanga ukaingia: wamekubali! Lakini mwanga ukazibwa na mwili mkubwa uliokuwa unaingia chini kwa magoti, unahema.

"Sogea."

"Wifi?"

"Sogea, nimesema. Mkeka wenyewe mdogo. Ungeniambia ningeleta wa kwangu."

"Ningekuambiaje na wewe huongei na mimi?"

"Si nilikatazwa? Ningekuwa naongea na wewe ningekwambia usije peke yako kama mwizi wa kuku." Naoupu alivuta mkeka ufunike mgongo wake, haukutosha. "Unanuka."

"Ni jua, wifi."

"Unalia?"

"Jasho."

"Haya. Mimi nalia, usiniangalie."

Wakakaa bega kwa bega. Fuatino alisikia harufu ya mafuta ya nazi ya wifi yake, ile ile ya zamani.

"Kwa nini hukuja siku zote hizi?" aliuliza.

"Kwa nini yeye hakunituma? Dada hawezi kumwombea radhi kaka asiyetaka kuombewa. Nilikaa kanisani kila Jumapili nikingoja anikoholee tu. Angekohoa ningegeuka."

"Hata mimi hajanituma."

"Hajakutuma?"

"Alisema nikija nisirudi."



"Kwa hiyo sote wawili ni waongo hapa chini."

"Sote wawili."

Wakaanza kucheka. Walijaribu kuzuia, wakashindwa; mkeka ukatikisika, manyoya mekundu yakacheza, na barazani machifu wakadhani wanawake wale wamezidiwa na kilio, wengine wakainamisha vichwa. Naoupu akafuta uso kwa kiganja, akapaza ile sauti yake nzito:

"Tapuala! Ulikuwa unatafuta damu ya Asomua! Ni hii hapa, au nijikate uione?"

Hapo utaratibu ukamwishia mzee. Alishuka mwenyewe, magoti yakilia, akaja mpaka kwenye kokoto, akashika mkeka kwa mikono miwili na kuuinua.

"Inukeni," alisema. "Hapakaliki hapa. Hapakaliki."

Hotuba zilikuwa ndefu, maana hotuba za pale hazijui kuwa fupi. Faini ilibaki palepale, mkeka ukabaki kwa Tapuala kama ilivyo desturi, na ikakubaliwa kwamba kwa kuwa Asomua hawezi kwenda barazani, baraza litakwenda kwake Jumamosi, na kava itanywewa kwenye nyumba yake. Fuatino aliutazama mkeka wa mama yake mara moja, ulivyokunjwa na kupelekwa ndani, kisha akaenda nyumbani.

Asomua alikuwa ameshasikia. Katika kijiji kisicho na kuta habari hazihitaji miguu.

"Umeniuza," alisema.

"Ndiyo."

"Kesi niliyoshinda, umeitupa kwenye kokoto mbele ya watu."

Fuatino aliketi chini. Alichokuwa anataka ni maji tu.

"Ulishinda, Asomua. Hakuna anayekunyang'anya. Lakini wewe ulishinda, mimi ndiye niliyekuwa naishi humo ndani ya ushindi wako. Naupika, naufagia, nautandikia mashuka. Unachosha. Sina nguvu nao tena."

Fuatino akanywa maji, akaosha magoti yaliyochubuka. Alikuwa anajifuta, ndipo akasikia sauti nyuma yake, ndogo:

"Naoupu kweli aliingia chini?"

"Aliingia."

"Na unene ule?"

"Mgongo ulibaki nje."

Asomua akajivuta, akaketi wima kwenye nguzo yake.

"Wanakuja Jumamosi saa ngapi?" aliuliza. "Shati langu jeupe liko wapi?"

Jumamosi Fuatino aliamka kabla ya majogoo. Kulikuwa na nguruwe wa kuchoma, mashelisheli, magimbi, samaki wa kufunga kwenye majani na tui. Kina mama wa kamati walikuja kusaidia, na mwenyekiti, kabla hajashika kisu, alipita ndani akakagua mashuka na kusema kwamba mto mmoja una doa. Fuatino alilisikia doa lile kama wengine wanavyosikia sifa. Lakini jikoni walipoanza kucheka na kumwaga umbea wa miaka yote aliyoikosa, aligundua kwamba hana maneno. Alitabasamu, akaitikia kwa kichwa, akachukua beseni la mwisho la magimbi, akaenda kukaa peke yake nyuma ya kibanda cha tanuri, kwenye gogo. Alikuwa amepanga vizuri: atamenya haya, atanawa, atakwenda kusimama nyuma ya nguzo ya mwisho, mahali pa wake wa kuja, asikie jina la kikombe likiitwa. Hakuwa na haja nyingine duniani.

Ndani ya nyumba machifu walikuwa wameketi kwenye nguzo zao. Asomua alikuwa amevalishwa shati jeupe ambalo sasa lilimpwaya, ameegemea nguzo yake, mguu wake mmoja umefunikwa kwa shuka. Kava ilikuwa inakorogwa. Naoupu, aliyekuwa ameketi karibu na kaka yake, alitupa macho nyuma mahali ambapo Fuatino angepaswa kuwa, hakumwona, akamtafuta tena. Akajizoa pale alipoketi, akatoka kwa kuinama, akazunguka nyumba kwa zile ndala zake.

"Fuatino! We Fuatino, njoo, wanaanza!"

Alimkuta kwenye gogo nyuma ya tanuri. Beseni lilikuwa mapajani mwake, kisu mkononi, gimbi lililomenywa nusu kwenye mkono mwingine. Kichwa kilikuwa kimeegemea ukuta wa kibanda, mdomo wazi kidogo. Alikuwa amelala usingizi mzito.

"Maji yaliyovuka mawimbi!" mwitaji aliita kutoka ndani ya nyumba, na sauti ilifika pale jikoni safi kabisa, kila neno. "Maji yaliyovuka mawimbi, yanakwenda kwake!"

Makofi yakapigwa. Kisha ukimya wa mtu anayepokea kikombe kwa mikono miwili, anayechelewa kunywa.

Fuatino hakutikisika. Naoupu alikuwa amenyoosha mkono kumshika bega, akaurudisha.

Mmoja wa kina mama alikuja mbio na sinia. "Mwamshe basi, dada! Magimbi hayajaisha, na machifu watataka kula."

"Watangoja," alisema Naoupu.

Akachomoa kisu taratibu kwenye vidole vya wifi yake, akaketi upande wa pili wa gogo, akachukua gimbi na kuanza kumenya.